Breki ya Mkono ya Umeme: Usiisukume kwa Nguvu



Wengi wetu tumeizoea breki ya mkono ya zamani. Dereva anasimamisha gari, anavuta ule mkono wa chuma ulio kando ya kiti chake, krrr, na gari linatulia. Mkono ule huvuta kamba ya chuma, na kamba huzikaza breki za magurudumu ya nyuma. Dereva akiushusha, breki zinaachia.

Siku hizi yapo magari yasiyo na mkono huo. Mahali pake pana kitufe kidogo chenye herufi P ndani ya duara. Dereva hukigusa kwa kidole kimoja, mara unasikia mlio wa “nguuu” kule nyuma. Breki imeshika. Hiyo ndiyo breki ya mkono ya umeme.

Kampuni ya BMW ya Ujerumani iliiweka katika magari yake makubwa ya aina ya 7 mwaka 2001. Volkswagen Passat iliipata mwaka 2005. Magari ya Japani nayo yakafuata. Honda Vezel na Toyota Harrier zilizoanza kutoka mwaka 2013 zina breki hiyo, na Subaru Forester ya mwaka 2018 pia. Magari kama hayo yakishatumika kwao, mengi hushushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Kutoka huko yanafika mpaka kwetu vijijini. Leo analo mnunuzi wa mazao, kesho analo mwalimu.

Gari likifika, siku moja pedi zake za breki zitakwisha. Hapo ndipo tunapotaka kusema jambo moja kubwa: pedi za nyuma za gari hili hazibadilishwi kama za gari la zamani. Fundi akitumia nguvu tu, ataharibu kifaa cha bei kubwa. Baya zaidi, gari linaweza kuachia mlimani likiwa na watu ndani. Kwa hiyo habari hii si ya mafundi peke yao. Ni ya mwenye gari, dereva na abiria.

BREKI INAFANYAJE KAZI?

Nyuma ya gurudumu kuna sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Sahani hiyo imekumbatiwa na kifaa kinachoitwa kalipa. Ndani ya kalipa kuna pedi mbili, moja upande huu na nyingine upande wa pili. Nyuma ya pedi kuna pistoni, yaani kipande cha chuma cha mviringo kinachosukuma.

Dereva akikanyaga breki, mafuta ya breki huisukuma pistoni. Pistoni huisukuma pedi, na pedi mbili huibana sahani. Gurudumu linasimama.

Kila siku pedi zinalika kidogo kidogo, kama kisigino cha kiatu. Zikipungua, pistoni husogea mbele kuzifuata. Sasa ukitaka kuweka pedi mpya, ambazo ni nene, nafasi haitoshi. Ni lazima pistoni irudishwe nyuma kwanza. Kazi ya kubadili pedi ni nyepesi. Ugumu wote uko hapo pa kuirudisha pistoni.

KUNA TOFAUTI GANI?

Katika magari mengi yenye breki ya mkono ya umeme, nyuma ya kalipa kuna mota ndogo. Mota hiyo huzungusha skrubu iliyo ndani ya pistoni. Skrubu ikizungushwa, pistoni inasukumwa na pedi zinabana.

Hebu fikiri juu ya jiliwa la fundi chuma. Ukizungusha mpini, jiliwa linabana chuma. Ukiachia mpini, haliachii, linaendelea kubana. Wala huwezi kulifungua kwa kuvuta meno yake kwa mikono. Utavuta mpaka jua lizame! Njia ni moja tu: kuzungusha mpini kinyume.

Breki ya umeme ni hivyo hivyo. Ndiyo maana gari lililoegeshwa haliachii hata betri ikifa. Na ndiyo maana pistoni yake haisukumwi kwa nguvu wakati skrubu iko mbele. Fundi akiibana kwa klampu au kuipiga nyundo, skrubu au meno ya mota yatavunjika. Hapo hununui pedi tena, unanunua kalipa nzima.

Wengine husema, “Ah, nitabonyeza tu kitufe, breki itaachia.” Hiyo haitoshi. Kitufe hurudisha skrubu kidogo tu, kiasi cha gurudumu kuzunguka. Ili kupata nafasi ya pedi mpya, skrubu lazima irudi nyuma kabisa. Gari huamriwa kufanya hivyo kwa njia maalum. Njia hiyo tutaiita hali ya matengenezo.

Yafaa pia kujua kuwa si magari yote yamefanana. Yapo ambayo mota moja huvuta kamba mbili za chuma. Yapo mengine ambayo breki ya mkono ni viatu vidogo ndani ya sahani. Kabla ya kushika spana, fundi ajue gari lake ni la aina gani. Tunayoeleza hapa ni ya lile lenye mota kwenye kalipa.

UTAJUAJE KUWA PEDI ZIMEKWISHA?

Pedi nyingi hupiga kelele ya kukwaruza zikikaribia kwisha. Magari mengine huwasha taa mbele ya dereva. Lakini usingoje kelele. Tazama unene wa pedi, bila kuhesabu bamba la chuma lililo nyuma yake. Ikibaki milimita 3 hivi, badilisha. Badilisha za magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja. Ukibadilisha upande mmoja, breki itavuta upande.

Sahani nayo ikaguliwe. Nyingi zimeandikwa unene wa mwisho unaoruhusiwa, baada ya maneno MIN TH. Sahani iliyo nyembamba kuliko hapo itolewe, hata kama inang’aa.

HATUA ZA KAZI

1. Egesha gari mahali tambarare na pagumu. Weka gia kwenye P, au gia ya kwanza kama ni gari la gia za mkono. Zuia magurudumu ya mbele kwa kabari au mawe makubwa, mbele na nyuma. Usiache jambo hili! Breki ya mkono itakuwa imeachia, nayo magurudumu ya nyuma yatakuwa huru.

2. Hakikisha betri ina nguvu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mota itasimama njiani.

3. Legeza nati za magurudumu kidogo gari likiwa chini. Kisha inua kwa jeki na uweke stendi imara. Usifanye kazi chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Jeki inaweza kuteleza, na hiyo haikupi nafasi ya kukimbia.

4. Ingiza gari katika hali ya matengenezo. Fundi huchomeka kompyuta ya kupimia magari kwenye tundu lililo chini ya dashibodi, huchagua breki ya mkono, kisha huamuru mota zirudi nyuma. Utasikia mlio, utasimama wenyewe. Baadhi ya magari huingia hali hiyo bila kompyuta, kwa kubonyeza kitufe na kukanyaga pedali kwa mpango maalum. Mpango huo hutofautiana gari kwa gari. Usibahatishe, soma kitabu cha matengenezo cha gari hilo.

5. Tangu hapo mtu yeyote asiguse kitufe cha breki. Magari mengine hukaza breki yenyewe swichi ikizimwa. Kidole kikiwa kati ya pistoni na pedi, mota haijui kama ni kidole. Mfukuze mtoto anayecheza kwenye kiti cha dereva.

6. Toa gurudumu, fungua bolti za kalipa, itoe. Ifunge kwa waya mahali pa juu. Usiiache ining’inie kwa mpira wa breki wala kwa waya wa mota.

7. Toa pedi za zamani. Safisha kwa tambara lenye maji. Usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa upepo wa pampu, maana linadhuru mapafu.

8. Fungua kifuniko cha chombo cha mafuta ya breki. Rudisha pistoni polepole kwa klampu, huku mwenzako akitazama mafuta yasimwagike. Mafuta hayo hula rangi ya gari. Pistoni ikikataa, simama. Huenda skrubu haijarudi, au gari hilo linataka pistoni izungushwe. Kukataa kwake ni onyo, usilazimishe.

9. Paka grisi ya breki kwenye pini ambazo kalipa huteleza juu yake. Grisi isiguse uso wa pedi wala sahani hata kidogo. Weka pedi mpya, rudisha kalipa, kaza bolti kwa kipimo kilichoandikwa kitabuni. Fanya upande wa pili vivyo hivyo.

10. Kanyaga pedali ya breki mara nyingi, polepole, mpaka iwe ngumu. Fundi akisahau hapa, mara ya kwanza dereva atakanyaga hewa. Tazama mafuta yako kati ya alama mbili za chombo. Kama yamepungua, ongeza aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kama vile DOT 3 au DOT 4. Oili ya injini haifai kabisa.

11. Toa gari katika hali ya matengenezo. Kompyuta itaamuru mota zisogee mbele na kujifunza mahali pa pedi mpya. Rudisha magurudumu, shusha gari, kaza nati. Kaza na kuachia breki ya mkono mara chache. Taa ya breki isiendelee kuwaka wala kupepesa.

12. Jaribu gari kwanza mahali tambarare, kwa mwendo mdogo. Kisha lijaribu kwenye mteremko mdogo, mawe yakiwa tayari na watu wakiwa mbali. Siku za mwanzo dereva akanyage breki kwa utaratibu, ili pedi zizoeane na sahani.

NJIA YA MKATO

Wapo mafundi wasio na kompyuta. Wengine huunganisha waya za mota moja kwa moja na betri ili irudi nyuma. Wengine huing’oa mota na kuizungusha skrubu kwa spana. Mara nyingine pistoni inarudi kweli. Lakini gari halijui kwamba skrubu imehama. Mota ikipitiliza inakwama, na taa hubaki inawaka. Mwenye gari anarudi nyumbani akidhani amepona, kumbe breki yake ya mkono haijulikani kama itashika.

Basi bora kulipa ada ya kompyuta mjini kuliko kununua kalipa mpya, au kulia msibani. Vijana wetu wenye gereji ndogo wanaweza kuchangishana wakanunua kompyuta moja. Kabla ya kulipa, wahakikishe inaweza kuiamuru breki ya mkono, maana zile za bei ndogo sana nyingi husoma hitilafu za injini tu.

MWENYE GARI AULIZE

Kuuliza si ujinga. Kabla hujamkabidhi fundi gari, muulize: Je, unajua gari hili lina breki ya mkono ya umeme? Utairudishaje skrubu? Kitabu chake unacho? Fundi mzuri hatakasirika. Akikujibu, “Lete tu, breki ni breki,” chukua gari lako uende kwa mwingine.

Zamani fundi alisifiwa kwa nguvu za mkono. Kwa magari haya, fundi ni yule anayesoma kwanza, kisha akashika spana. Alama ya P kwenye kitufe, MIN TH kwenye sahani, DOT 4 kwenye kifuniko, yote hayo ni maandishi. Sisi tuliojifunza kusoma tuyasome, na tuwasomee wenzetu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini pistoni ya breki hii haisukumwi kwa nguvu?
2. Kwa nini magurudumu ya mbele huzuiwa kwa mawe?
3. Je, katika kijiji chenu kuna magari mangapi yenye kitufe cha P? Nani huyatengeneza, na anatumia njia gani?