Dawa za Moyo Hazingoji Maumivu

Mkulima wa pamba akibanwa kifua akiwa shambani huko Mkula, mkoani Simiyu, nyumbani watasema ni vichomi, au gesi, au vidonda vya tumbo vimeamka. Atapewa kidonge cha kutuliza asidi, atanyweshwa maziwa, ataambiwa apumzike kivulini. Kesho yake maumivu yakipoa anarudi kupalilia. Hakuna aliyemtakia mabaya. Zamani kidogo, hata madaktari wangewaza hivyo hivyo, na wangekuwa na sababu.

Mwaka 1959 A. G. Shaper na K. W. Jones, waliokuwa wakifanya kazi Kampala, walichapisha katika jarida la Lancet utafiti kuhusu lehemu (kolesteroli) ya damu, chakula na ugonjwa wa mishipa ya moyo nchini Uganda. Waliyoyaeleza yalishangaza wengi: kwa Waafrika ugonjwa huo ulikuwa karibu haupo, ilhali kwa Waasia wa mji ule ule ulikuwa tatizo kubwa. Lehemu ya Waafrika wale ilikuwa chini mno ukilinganisha na ya majirani zao. Kwa hiyo kizazi kizima cha waganga wa Afrika Mashariki kilisomeshwa kwamba kifua kikimuuma mwanakijiji, moyo uwe wa mwisho kufikiriwa.

Mambo yamebadilika. Safari za miguu zimechukuliwa na bodaboda, mafuta ya kupikia yanapimwa kwa vikombe katika kila genge, na watu wengi zaidi wanafikia umri ambao mishipa huanza kuchoka. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta takriban robo ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wakiwa na shinikizo la juu la damu, na karibu mmoja kati ya kumi na moja akiwa na kisukari. Yote mawili huichosha mishipa ya moyo. Kisha mwaka 2019 watafiti wa Kitanzania na Kimarekani waliwafuatilia watu wazima waliofika idara ya dharura ya hospitali ya KCMC, Moshi, wakilalamikia maumivu ya kifua au kupumua kwa shida. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na shambulio la moyo. Wengi wao hawakutambuliwa kuwa nalo, na zaidi ya theluthi moja walikuwa wamefariki ndani ya siku 30.

Ukiwa Mkula, habari hizo zinatisha zaidi. Hospitali ya Mkula ipo, na ni neema ambayo vijiji vingi havina. Lakini kwa matatizo makubwa ya moyo mgonjwa hupelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapo. Anayeamini kwamba ugonjwa huu unatibiwa kwa mashine peke yake atakata tamaa kabla ya kuanza. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya tiba yake ni vidonge, tena vidonge vya zamani ambavyo hataza zake zilikwisha muda mrefu na viwanda vingi vinavitengeneza kwa bei ya chini. Kikwazo kikubwa ni kuvimeza kila siku, hata siku ambazo kifua kimetulia kabisa.

Tuanze na mshipa wenyewe. Moyo hulishwa na mishipa ya koronari, myembamba, iliyouzunguka kwa nje. Watu wengi hudhani mafuta hujipanga ndani ya mshipa hadi njia inaziba. Sivyo hasa. Lehemu hujipenyeza ndani ya ukuta wa mshipa, mwili hutuma chembe nyeupe za damu kupambana nayo, na kwa miaka mingi panajengeka uvimbe laini wenye ganda jembamba juu yake. Uvimbe ukikua, njia ya damu hupungua, na mtu huhisi kubanwa anapopanda mlima au kubeba gunia, kisha anapata nafuu akipumzika. Hatari kubwa ni siku ganda linapopasuka. Damu huona jeraha na kufanya kazi yake ya kawaida: inaganda. Donge hilo huziba mshipa kwa dakika chache, na sehemu ya msuli wa moyo huanza kufa.

Hapo ndipo aspirini inapoingia. Kinachoanzisha donge ni chembe sahani, vipande vidogo visivyo na kiini vinavyoelea katika damu. Mwaka 1971 John Vane, wa London, alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, na mwaka 1982 akapata Tuzo ya Nobel. Ndani ya chembe sahani, aspirini hufunga kimeng'enya kimoja na kukiharibu moja kwa moja. Kwa kuwa chembe hiyo haina kiini, haiwezi kutengeneza kingine. Itabaki hivyo hadi ife, baada ya siku saba hadi kumi. Ndiyo maana dozi ndogo ya miligramu 75 kwa siku inatosha, na ndiyo maana inapaswa kumezwa kila siku: kila asubuhi kuna chembe mpya ambazo bado hazijaguswa.

Uthibitisho mkubwa ulikuja mwaka 1988, katika utafiti uitwao ISIS-2 uliohusisha wagonjwa 17,187 wa shambulio la moyo katika hospitali 417. Waliopewa aspirini walipungukiwa na vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23 katika wiki tano za mwanzo. Waliopewa streptokinezi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, walipungukiwa kwa asilimia 25. Waliopewa zote mbili, asilimia 42. Tafakari hilo: kidonge cha shilingi chache kilikaribia kufanya kazi sawa na dawa ya kudungwa inayohitaji wodi, ujuzi na uangalizi. Kwa zahanati iliyo mbali na Mwanza, hakuna takwimu nzito kuliko hiyo. Mgonjwa anayeshukiwa kuwa na shambulio la moyo hupewa aspirini ya miligramu 300 aitafune, si aimeze nzima, ili iingie mwilini haraka, kisha apelekwe mbele bila kuchelewa.

Lakini aspirini si dawa ya kila mtu. Huweza kutoboa tumbo na kusababisha kutokwa damu, na kiharusi cha kuvuja damu hukifanya kibaya zaidi. Mwaka 2018 utafiti wa ASPREE, uliohusisha wazee 19,114 wasio na ugonjwa wa moyo, ulionyesha kwamba kumeza aspirini kila siku hakukuwazuia kupata ugonjwa huo kwa kiwango cha maana, na waliovuja damu waliongezeka. Kwa hiyo mzee mwenye afya asianze kujitibu kwa aspirini kwa sababu jirani yake anaimeza. Aliyewekewa kizibuo (stenti), kibomba cha kuuweka mshipa wazi, hupewa dawa ya klopidogreli pamoja na aspirini kwa miezi mingi. Huyo akiacha mapema, kizibuo chenyewe huweza kuziba.

Dawa ya pili ni ya kundi la statini, na historia yake inanifurahisha kuliko zote. Akira Endo, mtoto wa wakulima wa Akita, Japani, alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya Sankyo. Alijiuliza kama kuvu hutengeneza sumu dhidi ya viumbe wengine kwa kuzuia lehemu, kwani viumbe wengi hawawezi kuishi bila lehemu. Yeye na wenzake walipima aina zipatazo 6,000 za kuvu. Mwaka 1973 walipata walichotafuta katika ukungu wa kibuluu uliomea kwenye mchele wa duka la nafaka mjini Kyoto. Panya walipopewa dawa hiyo lehemu yao haikushuka, na kazi ilikaribia kufa. Basi wakajaribu kwa kuku watagao, kwa sababu yai limejaa lehemu na damu ya kuku huyo lazima iwe nayo nyingi. Ikashuka karibu nusu. Endo alifariki mwaka 2024.

Statini hufanya kazi kwenye ini. Huzuia kimeng'enya ambacho ini hutumia kutengeneza lehemu. Ini likiona limepungukiwa, huvuta lehemu kutoka katika damu. Kadiri miaka inavyokwenda, ule uvimbe ndani ya ukuta wa mshipa hutulia na ganda lake huimarika. Mgonjwa haoni wala hahisi lolote, na hilo ndilo linalomponza. Utafiti wa 4S, wa nchi za Skandinavia, uliotangazwa mwaka 1994, ulifuatilia wagonjwa wa moyo 4,444 kwa miaka zaidi ya mitano. Katika kundi lililopewa kidonge kisicho na dawa walifariki watu 256. Katika kundi la simvastatini, 182. Wale 74 waliosalimika walikuwa wakimeza kidonge ambacho hakikuwatuliza maumivu hata siku moja. Leo atovastatini imetangulia, na inamezwa wakati wowote wa siku.

Vizuizi vya beta, kama atenololi, bisoprololi na karvediloli, huushusha moyo kasi ili usihitaji damu nyingi. Asili yake ni propranololi ya James Black, ya miaka ya 1960, iliyomletea Nobel mwaka 1988. Mwenye pumu amweleze daktari kabla ya kupewa. Na asiyekuwa na pumu ajue jambo hili: dawa hizi zikikatizwa ghafla, moyo hurudi na mbio kali kuliko za mwanzo, na maumivu ya kifua, hata shambulio lenyewe, huweza kufuata.

Nitrogliserini ndiyo pekee katika orodha hii inayofuata maumivu. Ni kemikali ile ile ya baruti ya Alfred Nobel. Daktari William Murrell wa London aliandika kuhusu kuitumia kwa kubanwa kifua mwaka 1879. Kidonge chake ni kidogo, kinawekwa chini ya ulimi, na mwilini hugeuka kuwa gesi ya nitriki oksidi inayolegeza mishipa. Mgonjwa akae kwanza, kwani presha hushuka na anaweza kuanguka. Akihifadhi katika chupa yake nyeusi yenye kifuniko, si katika karatasi ndani ya mfuko wa shati shambani, kwa maana joto na mwanga huiua. Kuna onyo jingine ambalo wanaume wetu hawaambiwi vya kutosha: nitrogliserini haichanganywi na sildenafili wala dawa za nguvu za kiume za jamii hiyo. Presha huweza kuporomoka kiasi cha kuua. Ukiulizwa na daktari kama unazitumia, jibu bila haya.

Kundi la mwisho nilitajalo ni la kaptoprili, enalaprili, lisinoprili na ramiprili. Lilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili aitwaye jararaka, na kaptoprili iliidhinishwa Marekani mwaka 1981. Hushusha presha na kuukinga moyo uliojeruhiwa usizidi kutanuka. Baadhi ya watu hupata kikohozi kikavu. Daktari ana dawa mbadala. Mjamzito hapaswi kuzimeza.

Sasa hesabu vidonge hivyo: aspirini, statini, kizuizi cha beta, na kimoja cha jamii ya enalaprili. Vinne kwa siku, siku zote za maisha. Mtu amezoea dawa ya malaria ya siku tatu na antibayotiki ya siku tano au saba. Anameza, anapona, anaacha. Tumemfundisha hivyo wenyewe. Ukimwambia dawa hii haina mwisho, husikia kwamba haijamfaa. Na siku anapofika dirishani akaambiwa dawa hakuna, kanunue nje, hununua cha bei nafuu au hununua nusu. Mimi simlaumu. Msimu wa pamba una miezi yake, na fedha huja mara moja kwa mwaka. Ninaowadai ni wanaopanga maoteo ya dawa: vidonge hivi vinne visihesabiwe kuwa vya hospitali kubwa tu.

Kuvifikisha vijijini kunawezekana. Katika vijiji vya jimbo la Golestan, Iran, watu 6,838 waligawanywa katika makundi, na kundi moja likapewa kidonge kimoja chenye dawa nne ndani yake. Baada ya miaka mitano, matukio makubwa ya moyo na mishipa yalipungua kwa theluthi moja hivi, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa waliomeza kwa uaminifu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza vidonge mchanganyiko vya aina hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Vile havikuwa vijiji vya matajiri. Washiriki walifuatiliwa huko huko vijijini, na sisi tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaozijua kaya zao kwa majina.

Nawe msomaji, kama baba au mama yako anabanwa kifua akitembea na kupata nafuu akisimama, usimwache aendelee na dawa ya tumbo. Mpeleke apimwe umeme wa moyo, presha, sukari na lehemu. Kifua kikibana ghafla kwa zaidi ya dakika chache, na jasho baridi likamtoka, usingoje asubuhi: mkimbize hospitali, na mwambie mhudumu tangu mlangoni kwamba unashuku moyo. Na kama tayari ana dawa, kaa naye leo jioni mhesabu zilizobaki kwenye pakiti, mkachukue nyingine kabla hazijaisha.