Uso wa Nyumba ya Kale na Kibali cha Kuubadili

Mtu aliyenunua nyumba mjini Kampala huhesabu kwamba kila kilichomo ndani ya mipaka ya kiwanja chake ni chake, na kwa sehemu kubwa ana haki ya kuhesabu hivyo. Hata hivyo, sheria ya Uganda imetambua kwa miaka mingi kwamba yapo majengo ambayo sura yake ya nje ina wenyewe wengine zaidi ya yule mwenye hati. Jambo hili lawahusu askari kuliko wanavyodhani. Wao ndio huitwa kusimama kando ya tingatinga, na wao ndio huulizwa na wananchi wamesimama pale kwa amri ya nani.

Sheria ya Kumbukumbu za Kihistoria ya mwaka 1967 ilimpa waziri uwezo wa kutangaza kwamba jengo au mahali fulani pahifadhiwe, na kilichokwisha kutangazwa hakikuweza kubadilishwa bila idhini. Nafasi yake imeshikwa na Sheria ya Makumbusho na Kumbukumbu ya mwaka 2023. Kando yake iko Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013, ambayo haijali kama jengo ni la kale au la jana: mwenye kutaka kujenga, kugeuza au kubomoa hana budi kupata kibali kwanza. Hii ni kusema kwamba mwenye nyumba iliyotangazwa ana milango miwili ya kubisha hodi, na kufunguliwa mmoja si kufunguliwa wa pili.

Katika mitaa ya kati ya mji yamebaki maduka yaliyojengwa na Wahindi kabla ya Uhuru, yenye mwaka wa kujengwa ulioandikwa juu kabisa, karibu na paa. Wengi wa wenyewe walifukuzwa na serikali ya Idi Amin mwaka 1972. Mpangaji wa leo huona ukuta mkuukuu tu: atatoboa dirisha pana la kioo, atabandika vigae, atafunika maandishi yale kwa ubao wa matangazo. Kila badiliko ni dogo, wala hakuna anayelalamika. Baada ya miaka kumi mtaa umepotea, na hapana aliyeuvunja.

Wako wanaosema kwamba kuhifadhi ni kuzuia maendeleo. Makerere yatoa jibu. Jengo kuu la Chuo Kikuu, lililokamilika mwaka 1941, liliungua tarehe 20 Septemba 2020. Lilipojengwa upya na kufunguliwa mwaka 2024, sura yake ya nje ilirudishwa kama ilivyokuwa, na ndani likatengenezwa kwa mahitaji ya siku hizi. Ofisi hazikupungua kwa kuwa uso ni ule ule.

Pengine askari atajiuliza kwa nini serikali ijishughulishe hata na lipu ya ukutani. Jibu laonekana wazi zaidi Zanzibar, ambako hifadhi imeushika Mji Mkongwe mzima, wala si jengo moja moja. Mamlaka ya kuuhifadhi iliundwa mwaka 1985, na mji ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hunyonya maji na kuyatoa tena. Fundi akiupiga lipu ya saruji kwa nia njema, unyevu hufungiwa ndani, chokaa huliwa, na boriti huoza pale zinapoingia ukutani. Nje nyumba yang'aa, ndani yafa. Basi kibali cha lipu si urasimu mtupu, kwa maana nyumba ikianguka haitazami aliyelala ndani ni mpangaji au mwenyewe.

Kampala nayo ina Kasubi, mahali pagumu kuliko pote. Kaburi la Muzibu Azaala Mpanga, walimolala Makabaka wanne, liliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Mtu wa haraka angeshauri mabati, ambayo hayashiki moto upesi. Lakini kuezeka kwa nyasi pale ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na pete 52 za ndani ya paa ni hesabu ya koo za Baganda. Ukiondoa nyasi umewaondoa na watu katika kazi yao. Ikaamuliwa nyasi zirudi, na ulinzi dhidi ya moto uimarishwe. Kazi ilichukua zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2023 UNESCO ikaiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Uamuzi huo ulikuwa ghali, na ulikuwa wa haki.

Jeshi lenyewe limewahi kukaa katika nyumba ya namna hii. Baada ya mapigano ya Mengo ya mwaka 1966, Bulange ilifanywa makao ya jeshi na kuitwa Republic House. Majina na wakaaji walibadilika, lakini uso wa jengo ulibaki, na leo Lukiiko la Buganda lakutana humo.

Askari wa zamu hatakiwi kuwa mjuzi wa historia. Akikuta mafundi wanavunja uso wa jengo la kale, hasa usiku au siku ya sikukuu, yampasa aombe kibali kilichoandikwa, aangalie kama kinataja kiwanja kile na kazi ile, kwa kuwa kibali cha kutengeneza paa si kibali cha kubomoa ukuta. Pasipo karatasi, kazi isimame mpaka Mamlaka ya Jiji ipate habari. Naye aandike katika kitabu cha matukio saa, namba ya lori na jina la msimamizi, maana kukipambazuka huenda pasiwe na ukuta wa kuonyesha mahakamani.