Fundi asiyekuwa mwanachama aliyefunika kanisa la Florence

Mwaka wa 1418, kanisa kuu la Florence nchini Italia lilikuwa na kila kitu isipokuwa sehemu moja ya paa. Kuta zilikuwa zimesimama. Nguzo za ndani, nene kama mibuyu, zilikuwa tayari. Lakini juu ya madhabahu palikuwa na uwazi wenye upana wa takriban mita 45, na kutoka sakafuni hadi kwenye ukingo wake ni zaidi ya mita 50. Hakuna aliyejua jinsi ya kuufunika.

Na si kwamba wajenzi walisahau. Kanisa hilo, Santa Maria del Fiore, lilianza kujengwa mwaka wa 1296. Mwaka wa 1367 watu wa mji walipitisha kwa kura sampuli ya kuba kubwa kuliko chochote walichowahi kuona. Walipitisha tu. Namna ya kulijenga waliwaachia wajukuu. Ni kama mtu anayejenga nyumba ya ghorofa bila kujua ngazi itapita wapi, ila ana imani kwamba fundi atatokea siku moja.

Shida ilikuwa mbao. Ukiwahi kufanya kazi ya mjengo unajua kwamba kabla ya kumwaga slabu lazima utege mbao chini, usimamishe nguzo za kuishikilia, kisha ungoje ikauke. Kuba za wakati huo zilijengwa kwa mtindo uo huo: unatengeneza kwanza umbo lake kwa mbao, unapanga mawe juu yake, na yote yakishikana unatoa mbao. Sasa hesabu mbao za kujaza uwazi wa mita 45, ukianzia mita 50 juu ya ardhi. Msitu wa kutosha haukuwepo, na hata ungekuwepo, mbao zenyewe zingeelemewa na uzito wake. Giorgio Vasari, aliyeandika karne moja baadaye, anasimulia kwamba kuna aliyependekeza kanisa lijazwe udongo uliochanganywa na sarafu, ili kuba likikamilika watu wa mji waufukue wenyewe bila malipo wakitafuta pesa. Iwe ni kweli au ni porojo, inaonyesha wazee wa mji walikuwa wamefika mwisho wa akili.

Basi wasimamizi wa ujenzi, waliokuwa chini ya chama cha wafanyabiashara wa sufu, wakatangaza shindano. Zawadi: florini 200 za dhahabu. Hapo ndipo anapoingia Filippo Brunelleschi, sonara. Ndiyo, mtengeneza vito. Babake alikuwa mthibitishaji wa hati, kazi ya heshima ya kukaa ofisini, lakini kijana alichagua karakana.

Nina sababu ya kumfuatilia jamaa huyu. Mimi niliacha chuo, na kila mara kuna mhamasishaji fulani jukwaani au mtandaoni anayetuliza watu kama sisi kwa hadithi za walioacha masomo wakatajirika. Brunelleschi angewafaa sana. Hakuwa mwanachama wa chama cha wajenzi, na bado alijenga kuba ambalo hadi leo ndilo kubwa zaidi duniani lililojengwa kwa matofali. Ila ukiisoma habari yake vizuri, hadithi hiyo ya "hauhitaji shule" inakataa kukaa.

Anza na mwaka wa 1401. Florence ilitaka milango ya shaba nyeusi kwa jengo la ubatizo lililo mbele ya kanisa kuu, lile lenye pembe nane ambamo Dante alibatizwa. Brunelleschi alishindana, kazi ikamwendea kijana mwenzake, Lorenzo Ghiberti. Vibao vyao viwili vya majaribio bado vipo katika jumba la makumbusho la Bargello, ukitaka kuamua mwenyewe nani alistahili. Mimi nampa Ghiberti, kwa shingo upande. Antonio Manetti, aliyeandika maisha ya Brunelleschi, anasema jamaa alienda Roma pamoja na mchongaji Donatello, wakawa wanachimba na kupima magofu ya kale hadi wenyeji wakadhani ni wasaka hazina. Miaka ya kupima kuta za watu waliokufa zamani, bila mwalimu na bila mtihani. Hiyo ni shule, bwana. Ni ngumu hata kuliko ile ya kukaa darasani.

Aliporudi akawaambia wasimamizi kwamba angejenga kuba bila umbo la mbao chini yake. Walimwona mwendawazimu, inasimuliwa kwamba alitolewa mkutanoni kwa kubebwa. Lakini alikuwa na sampuli ya matofali ya kuwaonyesha, na wao hawakuwa na wazo lingine. Mwaka wa 1420 kazi ikaanza. Kwa kuwa hawakumwamini kabisa, walimwekea msimamizi mwenza kwa mshahara uleule. Nani? Ghiberti.

Siri yake ilikuwa jinsi matofali yalivyopangwa. Ukuta wa kuba ukipanda huanza kuinamia ndani, na matofali mabichi yanataka kuteleza kabla chokaa haijashika. Brunelleschi aliweka, kila baada ya matofali kadhaa ya kulala, tofali moja la kusimama wima. Yale yaliyosimama yanawabana wenzao kama vitabu vilivyobanwa kwenye rafu, hata mstari mzima hauwezi kuteleza. Mstari ukizunguka kuba na kufunga, tayari unajibeba. Unapanda juu yake, unaanza mwingine. Ukitazama mpangilio huo unafanana na mifupa ya samaki.

Kisha kuba ni mawili, moja ndani ya jingine, yakiunganishwa na mbavu 24. La ndani ni nene, la nje ni jepesi na linalikinga la ndani na mvua. Kati yake kuna ngazi, na hapo ndipo wageni hupita leo kupanda vidato 463. Ili kuba lisipanuke na kupasuka chini, alilizungushia mikanda ya mawe yaliyofungwa kwa chuma, na mmoja wa mbao, kama pete za pipa.

Vifaa navyo? Alibuni winchi iliyovutwa na ng'ombe, yenye gia ya kubadilisha mwelekeo ili mzigo ushuke bila kuwafungua na kuwageuza wanyama. Ng'ombe wanazunguka upande mmoja siku nzima, fundi anabadilisha gia tu. Rivasi hiyo, karne ya 15!

Wale waliopanda juu ni mafundi na vibarua ambao majina yao mengi hayatajwi popote. Walikunywa divai iliyopunguzwa kwa maji, na inasemwa waliwekewa jiko hukohuko juu wasipoteze muda kushuka kula. Walipogoma wakitaka malipo bora, anasema Manetti, Brunelleschi aliwafuta, akaleta watu wa Lombardia, kisha akawarudisha wale wa kwanza kwa ujira mdogo zaidi. Kwa hivyo tusimfanye mtakatifu. Alikuwa bosi, na bosi mkali. Jahazi lake maalum la kubeba marumaru mtoni, ambalo mji ulimpa haki ya kulimiliki peke yake mwaka wa 1421, lilizama na mzigo wake.

Mwaka wa 1434, kuba likikaribia kukamilika, chama cha mafundi wa mawe na mbao kilifanya wamkamate. Kosa? Anajenga bila kuwa mwanachama na halipi ada. Mtu yuko angani anaweka tofali la mwisho la kazi iliyowashinda watu kwa miaka 50, na chini kuna ofisi inamuuliza kadi yake iko wapi. Wasimamizi wa kanisa walikasirika, wakamkamata kiongozi wa chama hicho. Siku chache tu, Brunelleschi akawa nje. Mwaka wa 1436 Papa Eugenius wa Nne alilizindua kanisa.

Ukiingia makanisa mengine ya mji huo utamkuta tena. San Lorenzo, kanisa la familia tajiri ya Medici, ni kazi yake: nguzo za jiwe la kijivu, kuta nyeupe, vipimo vinavyorudiwa hadi macho yanapumzika. Ukitoka nje ugeuke, uso wa kanisa ni mawe ghafi yasiyopambwa. Papa Leo wa Kumi alimwagiza Michelangelo auchore. Mkataba ukavunjwa, na uso umebaki hivyo zaidi ya miaka 500. Mara nyingi Florence humaliza ndani, uso utangoja. Santa Croce, alikozikwa Galileo, ilipata uso wake wa marumaru 1863, na kanisa kuu lenyewe 1887. Tofauti ni Santa Maria Novella, ambako mfanyabiashara Giovanni Rucellai alilipia uso, kisha akaandikisha jina lake juu kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka uwanjani.

Brunelleschi alikufa 1446 na kuzikwa chini ya kanisa kuu. Kaburi lake lilipotea hadi wachimbaji walipoligundua 1972. Hakuacha michoro ya kuba. Mwaka wa 1471 karakana ya Andrea del Verrocchio ilipandisha mpira mkubwa wa shaba iliyopakwa dhahabu hadi kileleni. Katika karakana hiyo alikuwemo kijana wa miaka 19 aliyeitwa Leonardo, kutoka Vinci. Winchi na kreni za Brunelleschi alizichora kwenye daftari zake, gia kwa gia. Mashine zenyewe hazipo tena. Michoro ya vijana kama yeye ndiyo inayotuonyesha zilivyofanya kazi.