Gyökeres, Havertz au Jesus: Nani aanze mbele Arsenal?

Mabao 9 tu. Ndiyo aliyofunga Kai Havertz kwenye Ligi Kuu England (EPL) msimu wa 2024/25, na yalitosha kumfanya kinara wa mabao wa Arsenal kwenye ligi. Tena kuanzia Februari alikuwa nje akiuguza msuli wa paja, akarudi msimu ukiwa ukingoni.

Ukuta wa Arsenal uliruhusu mabao 34, machache kuliko timu yoyote. Lakini timu ilitoka sare mechi 14 na kumaliza ya pili kwa mara ya tatu mfululizo, pointi 10 nyuma ya Liverpool.

Julai 2025 Washika Mtutu wakafungua pochi: zaidi ya euro milioni 60 kwa Viktor Gyökeres kutoka Sporting. Hapo kocha Mikel Arteta akawa na mastraika watatu wa aina tofauti. Tuwapime kwa vitu viwili: mabao na jasho.

Gyökeres: Mzee wa nyavu

Kwa namba, hana mpinzani kati ya hawa watatu. Msimu wa 2024/25 alitupia mabao 39 katika mechi 33 za Ligi Kuu Ureno. Ndani ya misimu miwili Sporting alifunga mabao 97 katika mechi 102 za mashindano yote. Novemba 2024 aliipiga Manchester City hat-trick kwenye Ligi ya Mabingwa, mawili yakiwa penalti.

Mbio zake nyingi ni za kushambulia: anakimbilia nyuma ya mabeki, anawagonga kwa bega, anamaliza.

Tahadhari ipo. Darwin Núñez alifunga mabao 26 ya ligi akiwa Benfica msimu wa 2021/22. Msimu wake wa kwanza EPL na Liverpool alipata 9. Ureno na England si mlima mmoja.

Havertz: Mchapakazi

Alikuja 2023 akapangwa kiungo, baadaye akasogezwa mbele. Msimu huo alimaliza na mabao 13 na asisti 7 za ligi.

Kazi yake nyingi haionekani kwenye ubao wa matokeo. Anaruka kugombea mipira mirefu ya kipa David Raya, anashuka kusaidia kiungo, na anaanzisha presha kwa mabeki wa timu pinzani.

Tatizo ni umaliziaji. Mabao 9 katika mechi 23 ni wastani wa bao moja kila mechi mbili na nusu hivi. Si mabaya, ila Mohamed Salah alibeba kiatu cha dhahabu msimu huo kwa mabao 29.

Jesus: Jasho jingi, mabao haba

Gabriel Jesus alianza vizuri 2022/23 kwa mabao 11 katika mechi 26 za ligi. Msimu uliofuata akapata 4. Tangu aanze kucheza England mwaka 2017, hajawahi kufikisha mabao 15 kwenye msimu mmoja wa EPL.

Kwa kukaba na kuwapiga chenga mabeki sehemu finyu, hakuna anayemlalamikia. Lakini Januari 2025 alichanika kano ya goti, na majeraha kama hayo huchukua miezi mingi kupona.

Kwa nini jasho linahesabiwa?

Straika akimkimbilia kipa huku akifunga njia ya pasi upande mmoja, kipa analazimika kubutua. Mpira unawaangukia William Saliba na Gabriel Magalhães, Arsenal wanaanza upya kushambulia. Straika akisimama tu, wapinzani wanatoka nyuma kwa raha na viungo wanakimbia mara mbili.

Ndiyo maana Arteta amevumilia straika asiye na mabao mengi. Ila uvumilivu huo una bei. Februari 2025, Havertz na Jesus wakiwa wote majeruhi, ilibidi kiungo Mikel Merino aingie kucheza mbele dhidi ya Leicester. Alifunga mawili dakika za mwisho, Arsenal ikashinda 2-0.

Hesabu inasemaje?

Sare 14 hazikutokana na ukosefu wa jasho. Zilihitaji mtu wa kumalizia nafasi moja inayopatikana wapinzani wakipaki basi. Kwa mechi hizo, Gyökeres ndiye wa kuanza.

Dhidi ya timu zinazopenda kuanza mpira nyuma kwa pasi fupi, Havertz bado ana kazi, au Jesus.

Ukitazama mechi, usimhesabie Gyökeres mabao tu. Angalia anafanya nini sekunde tano baada ya Arsenal kupoteza mpira. Akifunga na kukimbia, Arsenal wamepata straika waliyemkosa kwa misimu mitatu. Akifunga bila kukimbia, Martin Ødegaard na Declan Rice ndio watakaoilipa deni hilo kwa miguu yao.