Neno moja la Kiingereza, maneno matatu ya Kijapani

Msikilizaji, fungua programu ya kutafsiri kwenye simu yako, andika neno la Kiingereza "right" na uombe Kijapani. Unaweza kuletewa migi, yaani kulia. Au tadashii, yaani sahihi. Au kenri, yaani haki. Simu haina kosa. Haijui kama unazungumzia mkono, jibu la hesabu au shamba ulilonyang'anywa.

Kulia na sahihi hayakuwapa Wajapani shida, maneno hayo walikuwa nayo tangu zamani, kama sisi tulivyo na mkono wetu wa kulia, ule wa kulia chakula. Shida ilikuwa kwenye haki.

Katikati ya karne ya 19, Japani ilipoanza kufungua milango kwa mataifa ya Magharibi, wasomi wake walikuta vitabu vya sheria vimejaa neno hilo. Mkulima wa Kijapani aliweza kumpelekea mtawala ombi. Lakini neno la kudai mbele ya mtawala huyo kitu unachostahili, hilo hawakuwa nalo.

Mmoja wa wasomi hao ni Fukuzawa Yukichi, ambaye sura yake baadaye iliwekwa kwenye noti ya yeni 10,000. Alifika Marekani mwaka 1860 na Ulaya mwaka 1862. Mwaka 1870, katika kitabu chake kuhusu nchi za Magharibi, aliwaeleza wasomaji wazi kwamba "right" lina maana kadhaa, tangu unyoofu hadi jambo ambalo mtu anastahili kulidai, na kwamba hakuna neno moja la kutosha. Wafasiri wangapi leo wangekubali kusema hivyo?

Neno lililoshinda, kenri, lilipitia China, katika kitabu cha sheria ya kimataifa kilichotafsiriwa Kichina mwaka 1864. Huandikwa kwa herufi mbili: ken ni mamlaka, ri ni faida. Ule unyoofu umeachwa njiani! Mtu anayedai kenri, ukisoma herufi zake, anadai nguvu na faida. Fukuzawa mwenyewe aliwahi kuiandika ri kwa herufi nyingine, yenye maana ya jambo lililo sawa kwa akili. Tatizo ni kwamba ri zote mbili hutamkwa sawasawa, hata redioni usingezitofautisha. Iliyobaki ni ile ya faida, na ndiyo iliyoandikwa katika katiba ya 1889 na katika katiba ya sasa.

Sisi tulilipokea neno haki kutoka Kiarabu likiwa na mzigo wake wote. Shamba ni haki yako, na hakimu naye atende haki. Kwa Kijapani hiyo ya hakimu ni neno jingine kabisa, seigi.

Kwa hiyo ukiwa na jambo la kutafsiri, usiipe simu neno moja. Iandikie sentensi nzima: "Nina haki ya kulima shamba hili."