Amri ya Saba na Filamu za Kunakiliwa

Je, kijana wa Kaoze anayejaziwa filamu na michezo ya kompyuta katika flashi, kwa ada ndogo, pasipo ruhusa ya mwenye kazi, ametenda wizi? Wengi hujibu kwamba hakuna aliyepungukiwa, maana kazi ya asili ingalipo. Jibu hilo halitoshi.

Luther mwenyewe aliyaonja haya. Mwaka 1525 sehemu ya mahubiri yake iliibwa Wittenberg ikiwa bado mikononi mwa wachapaji, ikachapwa mji mwingine. Naye akaiandikia halmashauri ya Nuremberg kulalamika. Hakutetea mfuko wake, kwa kuwa hakupokea malipo kwa maandiko yake. Aliwatetea wachapaji waliogharimia kazi.

Ndivyo anavyoifafanua Amri ya Saba katika Katekisimo Ndogo: haitoshi kutogusa mali ya jirani, yatupasa pia kuilinda riziki yake. Jirani huyo ni mwigizaji wa Dar es Salaam. Ni mwanakwaya wetu pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda wote wawili.

Lakini tusimlemee kijana ambaye duka halali liko mbali naye, huku tukimwacha yule afanyaye biashara ya nakala. Tena, kwa kufuata 1 Petro 4:17, tuanze nyumbani mwa Mungu: nyimbo za kwaya tunazorudufu bila idhini, na programu zisizolipiwa katika ofisi za sharika. Mchungaji asiyetubu hayo ataifundishaje Amri ya Saba kipaimara?