Erebus na Terror: Nini Kiliwaua Mabaharia 129?

Erebus na Terror zilikuwa manowari mbili za mbao za Jeshi la Majini la Uingereza. Zilitweka kutoka Greenhithe, kwenye Mto Thames, tarehe 19 Mei 1845, kwenda kutafuta njia ya bahari inayopita juu ya Kanada kutoka Atlantiki hadi Pasifiki. Kiongozi wa msafara, Sir John Franklin, alikuwa na umri wa miaka 59. Watu watano walirudishwa nyumbani kutoka Greenland, wakabaki 129. Mwishoni mwa Julai meli mbili za kuvua nyangumi zilikutana nao katika Ghuba ya Baffin, na baada ya hapo hakuna Mzungu aliyewaona tena wakiwa hai.

Meli zenyewe hazikuwa dhaifu. Zilijengwa kubeba mizinga mizito ya kurusha makombora, na kati ya 1839 na 1843 zilikwishafika kwenye barafu ya Antaktiki chini ya James Clark Ross na kurudi salama. Kwa safari ya Franklin, gubeti zake zilivikwa mabamba ya chuma, kila moja ikafungwa injini ya mvuke ya gari la moshi, na ngama zikajazwa chakula cha miaka mitatu, yakiwamo makopo karibu 8,000 ya nyama, supu na mboga.

Majira ya baridi ya kwanza waliyakalia katika Kisiwa cha Beechey, wakawazika wenzao watatu hapo: John Torrington, John Hartnell na William Braine. Septemba 1846 meli zote mbili zilinaswa na barafu upande wa kaskazini-magharibi wa Kisiwa cha King William. Mengine machache yanayojulikana kwa maandishi yamo katika karatasi moja tu, iliyokutwa Mei 1859 ndani ya kopo lililofichwa kwenye rundo la mawe ufukweni. Ujumbe wa kwanza, wa Mei 1847, unasema wote ni wazima. Wa pili, wa tarehe 25 Aprili 1848, umeandikwa ukizunguka pembezoni mwa karatasi hiyohiyo: Franklin alifariki tarehe 11 Juni 1847, watu 24 wamekwisha kufa, meli zimeachwa, na 105 waliosalia wanaondoka kesho yake kwa miguu kuelekea Mto Back, mamia ya kilomita kusini. Wameweka sahihi manahodha wawili, Francis Crozier wa Terror na James Fitzjames wa Erebus. Karatasi hiyo ilikuwa fomu ya kiserikali, na maombi ya kumtaka atakayeiokota aipeleke kwa wenyewe yalichapwa kwa lugha sita. Zote zilikuwa za Ulaya. Lugha ya Wainuit, watu pekee waliokuwa wakiishi na kuwinda katika nchi ile, haikuwamo.

Nadharia iliyopendwa kuliko zote ni ya sumu ya madini ya risasi. Mwaka 1984 na 1986 mtaalamu wa mifupa kutoka Kanada, Owen Beattie, aliyafukua makaburi matatu ya Beechey. Ardhi ya huko haiyeyuki mwaka mzima, kwa hiyo maiti zilikuwa kama zilivyozikwa. Torrington, kijana wa miaka 20 aliyekonda hadi mbavu kuhesabika, alilala na macho yaliyofumbuka nusu, nywele zake zikiwa bado kichwani. Vipimo vya nywele na mifupa vilionyesha risasi nyingi mno. Kisiwani hapohapo yalitapakaa makopo matupu ambayo mishono yake ilikuwa imelehemiwa ovyo, matone ya lehemu yenye risasi yakiwa yamemwagikia ndani. Aliyeyatengeneza, Stephen Goldner, alipewa kazi hiyo wiki saba tu kabla ya safari. Picha ya Torrington ilienea dunia nzima, na maelezo mafupi yakaenea pamoja nayo: makopo yaliwatia sumu, sumu ikawavuruga akili, wakafa.

Maelezo hayo hayawezi kubeba uzito yaliotwishwa. Uingereza ya wakati ule ilikuwa imejaa risasi: kwenye mabomba ya maji, rangi za nyumba, vyombo vya mezani na hata dawa. Mfupa hujengwa pole pole kwa miaka, kwa hiyo risasi iliyomo ndani yake ni hesabu ya maisha marefu na haiwezi kuhesabiwa kuwa ya miezi michache ya safari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliuliza swali rahisi. Kama sumu ilitoka melini, waliokufa mwishoni, kwenye Kisiwa cha King William, wangepaswa kuwa nayo nyingi kuliko waliokufa mapema Beechey. Haikuwa hivyo. Watafiti walilinganisha pia na mifupa ya mabaharia wa Kiingereza wa zama hizo waliozikwa Antigua, na ulinganisho huo nao haukuiunga mkono nadharia ya sumu.

Ushahidi mzuri zaidi umetoka mahali padogo kabisa: kucha za John Hartnell. Kucha huota kutoka kwenye shina lake kila siku, na kila utando mpya hubeba kiasi cha madini kilichokuwa kwenye damu siku hiyo, kisha husukumwa mbele na hauguswi tena. Ukucha wa kidole gumba cha mguu una zaidi ya mwaka mzima ndani yake: ncha ni ya zamani, shina ni ya jana. Watafiti wa Kanada waliupitisha ukucha wa Hartnell chini ya mwale mwembamba wa eksirei, hatua kwa hatua, wakausoma kama mtu asomavyo shajara kutoka ukurasa wa kwanza. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2016, hayakuonyesha sumu iliyokuwa ikimlemea safari nzima. Risasi ilipanda katika wiki za mwisho tu, wakati mwili uliodhoofika ulipokuwa ukijila wenyewe na kuachia yale uliyokuwa umeyahifadhi mifupani. Kilichopungua muda mrefu kabla ya hapo kilikuwa zinki, madini yanayopatikana kwenye nyama mbichi na ambayo mwili ukiyakosa huishiwa kinga. Hartnell alikuwa akidhoofika kwa kukosa chakula bora huku amezungukwa na makopo ya chakula, na kifua kikuu kikapata nafasi yake.

Nadharia nyingine za maradhi zinaweza kupitiwa haraka. Kiseyeye kinatajwa na wengi, ingawa dalili zake kwenye mifupa si nyingi kama ilivyodhaniwa zamani. Nimonia na kifua kikuu vilikuwapo bila shaka. Wengine wametaja sumu ya vijidudu kwenye makopo yasiyochemshwa vya kutosha, minyoo kutoka kwenye nyama ya dubu, na risasi ya mitambo ya maji ya melini. Kila moja ingeweza kuua watu wachache. Hakuna hata moja inayoeleza kwa nini watu 105 walishuka melini kwa mpigo.

Jambo hilo linaelezwa na barafu pamoja na ramani. Magharibi ya Kisiwa cha King William kuna mkondo unaosukuma barafu kongwe kutoka kaskazini. Barafu ya mwaka mmoja ina chumvi na huyeyuka kirahisi, lakini iliyokaa miaka mingi imekwisha kuchuja chumvi yake na ni ngumu karibu kama mwamba. Barafu hiyo hushuka ikajibana kwenye mlango wa bahari ulio magharibi ya kisiwa, na kuna miaka isiyofunguka hata wakati wa kiangazi. Upande wa mashariki kuna njia iliyokingwa na kisiwa chenyewe. Franklin hakuwa na habari nayo, kwa sababu ramani alizopewa zilionyesha kwamba nchi ya King William imeungana na bara. Njia hiyo ilitambuliwa na daktari John Rae mwaka 1854, na ndiyo aliyopita mvumbuzi Roald Amundsen na watu wake sita katika chombo kidogo cha Gjøa, kisha akakaa karibu miaka miwili jirani na Wainuit wa Netsilik, akijifunza kwao mavazi ya ngozi na mbwa wa kuvuta sleji. Mwaka 1906 alimaliza njia ambayo manowari mbili zilishindwa.

Waliposhuka, mabaharia wa Franklin walivaa sufu na kuburura mashua juu ya sleji kwa nguvu za vifua vyao. Mashua moja ilikutwa mwaka 1859 na ndani yake mifupa ya watu wawili. Pamoja nayo kulikuwa na vijiko na uma za fedha, sabuni ya manukato, leso za hariri, vitabu, majani ya chai na chokoleti kama kilo 18. Mzigo ule na sleji yake ulikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 600, na omo ya mashua ilikuwa imeelekezwa nyuma, zilikokuwa meli. Huenda baadhi yao walikata tamaa na safari ya kusini wakaamua kurudi.

Wainuit waliwaona. John Rae, daktari wa Kampuni ya Hudson's Bay aliyezoea kusafiri kwa mtindo wa wenyeji na kulala katika nyumba za theluji, alisikia kwao mwaka 1854 habari za Wazungu waliokuwa wakiburura mashua kuelekea kusini, na za miili iliyokutwa baadaye pamoja na vyungu vyenye nyama ya watu. Alinunua kwao vitu vilivyothibitisha habari hizo, kikiwamo kisahani cha fedha chenye jina la Franklin. London ilipokea taarifa yake kwa hasira. Mke wa Franklin, Lady Jane, aliipinga vikali, na mwandishi Charles Dickens aliandika kwamba maneno ya Wainuit hayaaminiki, akadokeza kuwa huenda wao ndio waliowaua mabaharia. Hilo lilikuwa kosa kubwa lililofanywa kwa makusudi, na gharama yake ilikuwa kubwa pia, kwa maana watu waliokuwa na majibu yote muhimu walifanywa washtakiwa.

Sayansi imewapa Wainuit haki yao polepole. Mwaka 1997 Anne Keenleyside na wenzake walieleza mifupa 92 kutoka Ghuba ya Erebus, kwenye Kisiwa cha King William, yenye alama za kukatwa kwa kisu. Mwaka 2024 taya moja kutoka eneo hilohilo ilitambuliwa kwa vinasaba kuwa ya James Fitzjames, yule aliyeweka sahihi ile karatasi ya Aprili 1848, nayo ina alama za kisu. Watu waliofikia hatua hiyo walikuwa wamekwisha kushindwa na njaa, na hawastahili kudharauliwa kwa hilo.

Masimulizi ya wenyeji yalisema pia zilipo meli. Charles Francis Hall, akisaidiwa na wakalimani Tookoolito na mumewe Ebierbing, aliandika miaka ya 1860 habari za meli iliyozama mbali kusini, mahali Wainuit wanapopaita Utjulik, na maiti ya mtu mkubwa iliyokutwa ndani yake. Mwanahistoria wa kijiji cha Gjoa Haven, Louie Kamookak, alitumia maisha yake kukusanya simulizi hizo kwa wazee. Septemba 2014 Erebus ilipatikana katika eneo hilohilo, kwenye kina cha mita 11 hivi. Miaka miwili baadaye Terror ilipatikana katika Ghuba ya Terror, baada ya Sammy Kogvik wa Gjoa Haven kueleza kwamba aliwahi kuona mlingoti ukichomoza kwenye barafu alipokuwa akienda kuvua. Simulizi zilizopuuzwa miaka 160 zilikuwa sahihi kwa mahali na kwa jambo lenyewe. Meli hizo zimelala kusini sana ya pale zilipoachwa, na wapo wanaoamini kwamba watu walizirudia na kuziendesha tena.

Sasa mabaki hayo yanamilikiwa na Kanada pamoja na Wainuit, na kila kiangazi walinzi wa Kiinuit huyalinda. Erebus iko katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu imo kwenye maji mafupi na mawimbi yamekwisha kuibomoa sehemu ya sitaha yake. Kazi ya kuiokoa inapaswa kuharakishwa kabla bahari haijaimaliza. Terror imelala ndani zaidi na imetulia. Mwaka 2019 chombo cha kamera kilipitishwa ndani yake kikakuta sahani bado zimepangwa rafuni, na katika ofisi ya Crozier meza ya kuandikia na makabati ya ramani, droo zikiwa zimefungwa na tope limezifunika, hali inayoweza kuhifadhi karatasi. Mlango mmoja tu kwenye sitaha ya ofisi hiyo ulikuwa umefungwa, wa chumba alichokuwa akilala Crozier. Kilichomo ndani yake hakijaonekana, na kaburi la Franklin halijapatikana.